Maji ya Kwarini

Februari ile jua lilikuwa kali hata lami ya Spine Road ikawa inalainika mchana na kunata kwenye soli za viatu. Mabomba ya Kayole hayakuwa yametoa maji tangu baada ya Krismasi. Kulipopambazuka mikokoteni ilipita kati ya magorofa, mitungi ya manjano ikigongana, na akina mama wakaita kutoka juu, "Wewe wa maji! Simama hapo hapo!" Katika joto hilo ndimo Kathini alimokuwa akijiandaa kwa mashindano ya triathloni. Mchezo wenyewe ni wa watu wenye roho ngumu: unaogelea, ukitoka majini unapanda baiskeli, ukishuka kwenye baiskeli unakimbia, na saa haisimami hata unapofunga kamba za viatu.

Mashindano yalikuwa yafanyike mwezi wa tatu, pwani. Kocha wa kikundi chake, Ondiek, mwanamume mrefu mwenye sauti ya mhubiri, alikuwa amewaonya mapema.

"Wiki ijayo ndiyo ya kusagwa," aliwaambia. "Mtafanya mazoezi juani, mwili uzoee joto la pwani. Anayetaka kivuli abaki kwao."

Kathini aliomba likizo kazini, kwenye kampuni ya mizigo alikokuwa karani, ili asikose hata siku moja.

Jumapili jioni, akiwa anakunja nguo, simu ililia. Ulikuwa ujumbe wa Ondiek kwa kikundi chote. Jumamosi hawangekutana kwenye kidimbwi cha kuogelea cha Donholm walikozoea. Wangekwenda bwawani, ng'ambo ya Ruai, wakaogelee kwenye maji ya wazi kama watakayoyakuta pwani. Kathini aliusoma, akaifunga simu, akaifungua akausoma tena. Mumewe, Mulwa, alikuwa ameketi karibu naye akitazama taarifa ya habari, asijue lolote.

Mulwa alijua kwamba mkewe hukimbia. Habari ya baiskeli aliijua pia. Yeye ndiye aliyemsindikiza sokoni Gikomba kuichagua, na yeye ndiye aliyeyatia upepo magurudumu kila yalipolegea. Kuogelea hakujua. Kathini alikuwa amemficha jambo hilo kwa miezi, naye hakuwa mwanamke wa kuficha mambo.

Sababu yake ilikuwa kiangazi kingine kama hicho, miaka mitatu nyuma.

Walikuwa na mtoto mmoja, msichana, jina lake Nzembi. Alipewa jina la mamake Mulwa, kama ilivyo desturi ya Wakamba, na kwa sababu hiyo Mulwa alimwita "mama". Mama amekula? Mama, niletee maji ya kunawa. Majirani walicheka kumwona dereva yule wa lori la mikate, mtu wa kifua kipana na mikono kama makasia, akimwomba mama yake wa miaka kumi ruhusa ya kuongeza sauti ya televisheni.

Jumamosi moja mabomba yalikuwa makavu na wachuuzi wa maji hawakuonekana. Kathini alikuwa kazini, Mulwa alikuwa akisambaza mikate. Nzembi alichungulia pipa la jikoni akaliona halina kitu. Hakutumwa na mtu. Alichukua mtungi mdogo akafuatana na wasichana majirani wa ploti yao mpaka kwenye machimbo ya mawe upande wa Njiru, mahali watu wanapopaita kwari, ambako maji ya mvua hutuama mwaka hadi mwaka. Aliinama kuchota, mguu ukateleza. Wenzake wakakimbia wakipiga mayowe. Watu waliofika walimtafuta katikati, kwenye kina, hata jua likaanza kushuka. Kumbe muda wote huo alikuwa karibu na ukingo.

Siku ya mazishi, kwao Masinga, Mulwa hakutoa chozi. Alishika sepetu akafukia pamoja na wanaume wengine, akawapa watu mkono, akawashukuru kwa kufika. Waliporudi Kayole alizikusanya picha za mtoto akazitia kwenye sanduku, na sanduku akalisukuma mvunguni mwa kitanda. Tangu hapo jina la Nzembi halikutajwa tena ndani ya nyumba ile. Huko nje wauza mboga waliendelea kumwita Kathini Mama Nzembi, kwani mtaa haukuvui jina kwa sababu ya msiba. Ndani walibaki Kathini na Mulwa, kama wapangaji wawili waliokutana jana.

Kilichomtoa Kathini nyumbani ni siku ya Jumamosi. Hakuweza kukaa ndani siku hiyo akilitazama pipa la jikoni. Akaanza kutembea, bila kujua anakokwenda. Baadaye kutembea kukawa hakutoshi, akaanza kukimbia. Shiro, mwenzake wa ofisini aliyeishi Umoja, alimwona siku moja barabarani amelowa jasho, akamwingiza kwenye kikundi cha Ondiek. Ikaja baiskeli. Kisha Ondiek akamwambia, "Miguu unayo, pumzi unayo. Umebakisha maji tu." Kathini alikataa. Alikataa mara ya pili pia. Halafu asubuhi moja, hata yeye hakujua kwa nini, alisema ndiyo.

Angeulizwa anatafuta nini mle majini, asingeweza kueleza kwa ufasaha. Alichojua ni kwamba kuna mahali mwanawe alikwenda peke yake, na yeye aliyemzaa hapajui.

*

Jumatatu walikimbia, yeye na Shiro, ambaye naye alikuwa ameomba likizo, kwenye Kangundo Road. Waliondoka jua likiwa tayari limepanda, kama kocha alivyoagiza. Vumbi la malori liliwaganda kwenye midomo. Wanawake waliokuwa wakipanga nyanya vibandani waliwatazama kwa huruma, na mmoja akasema kwa sauti ya kusikika, "Hawa nao wanafukuzwa na nani?"

Walipokaribia Njiru, kwenye njia ya vumbi inayoingia machimboni, Kathini aligeuka ghafla kurudi, kama alivyofanya kila mara. Shiro aligeuka naye bila kuuliza. Yeye peke yake kwenye kikundi ndiye aliyejua.

"Umeona meseji ya Ondiek?" Shiro alisema.

"Nimeiona."

"Wacha nimwambie. Ataelewa. Kuna watu hufanya baiskeli na mbio tu, na hakuna anayewacheka."

"Usimwambie kitu."

"Kathini, kidimbwi ni kidimbwi. Kule hutaona hata mkono wako."

"Najua," Kathini alisema. "Ndiyo maana naenda."

Shiro alimtazama kwa pembe ya jicho, akaongeza mwendo kidogo ili asionekane uso.

Siku iliyofuata walikuwa kidimbwini. Mwanzoni kabisa, miezi iliyopita, Kathini alikuwa ameshika ukingo wa kidimbwi hicho akatetemeka hata meno yakagongana, na Ondiek alidhani ni woga wa kawaida wa mtu mzima. Sasa aliogelea kwenda na kurudi bila kusimama, uso ndani, pumzi kando. Maji yalikuwa safi na yalinuka dawa. Chini aliona vigae vya samawati, aliona mstari mweusi wa kumwongoza, aliona hata kibanio cha nywele ambacho mtu alikidondosha. Haya si maji, alijiambia huku akigeuka ukutani. Haya ni chumba tu, kimejazwa maji.

Jumatano akarudi kuogelea tena, na siku hiyo ndiyo iliyomharibikia.

Kwa kawaida vazi lake la kuogelea alilikausha nyumbani kwa Shiro. Siku hiyo jua lilikuwa la kuanika hata mihogo, akaona kwamba vazi likitundikwa kwenye kamba ya kibarazani litakuwa limekauka kabla ya chai, na Mulwa hurudi jioni. Akalitundika pamoja na kofia yake ya mpira ya kuogelea, akashuka kupanga foleni ya maji. Alipopanda ngazi na mtungi begani, alimkuta Mulwa amesimama kibarazani. Lori lake lilikuwa limekufa Muthurwa, akarudi mapema. Alikuwa amelishika lile vazi kwa vidole viwili, kama mtu aliyeokota kitu cha watu njiani.

"Hii ni ya nani?"

"Ni yangu."

"Ya nini?"

Angeweza kudanganya. Angesema ni ya Shiro. Lakini alikuwa amechoka, na mtungi ulikuwa bado begani, na uongo nao ni mzigo.

"Ya kuogelea," alisema. "Naogelea, Mulwa. Tangu mwaka jana."

Mulwa aliliweka vazi juu ya kiti taratibu, akalinyoosha mikunjo kana kwamba ni nguo ya kanisani. Hakupaza sauti, na hilo lilimtisha Kathini zaidi.

"Unaingia majini," alisema. "Kwa hiari yako. Unavaa, unaingia, unatoka, unajifuta, kisha unakuja kunipikia."

"Sivyo hivyo."

"Ni vipi basi? Nieleze, Mama Nzembi. Ni vipi?"

Ilikuwa mara ya kwanza, tangu mazishi, jina hilo kutoka kinywani mwake. Wote wawili walilisikia. Kathini alitua mtungi chini, maji yakamwagika kidogo sakafuni.

"Nataka kujua alichokiona," alisema.

"Alichokiona nani?"

"Unajua ni nani."

"Maji hayachunguzwi!" Mulwa sasa alipiga kelele, na jirani wa upande wa pili akafunga mlango wake polepole. "Maji yalimmeza mama yangu, nawe unayaendea ukiwa umevaa kofia ya mpira!"

"Alikuwa wangu pia! Mimi ndiye niliyemzaa. Wewe ulimfungia kwenye sanduku, Mulwa. Hujamlilia. Hujamtaja. Hata pale alipokufia hujawahi kwenda kupaona, hata siku moja!"

Mulwa alifungua kinywa kama mtu mwenye jibu, akakifunga. Alichukua kofia yake, akashuka ngazi. Aliporudi Kathini alikuwa tayari kitandani, naye akalala kwenye kochi sebuleni, miguu yake mirefu ikining'inia nje.

*

Alhamisi ilikuwa zamu ya baiskeli na mbio, moja baada ya nyingine. Kathini alitakiwa aende mpaka Ruai kwa barabara ya Eastern Bypass, arudi, aache baiskeli kwa fundi mmoja wanayemfahamu, kisha akimbie papo hapo bila kupumzika. Kikundi kilitangulia. Yeye hakuwa amelala, na asubuhi hakuwa amekula kitu zaidi ya chai. Alikanyaga pedali kwa hasira. Kila alipokumbuka neno la Mulwa aliongeza nguvu, na kila alipokumbuka neno lake mwenyewe aliongeza zaidi. Upepo uliotoka kwenye malori ulikuwa wa moto kama wa mdomo wa tanuri. Chupa yake ya maji iliisha kabla ya nusu ya safari, naye hakusimama kununua nyingine.

Alipoanza kukimbia, jasho lilikuwa limekoma. Ondiek alikuwa amewafundisha kwamba jasho likikoma juani, hiyo ni ishara mbaya. Alilikumbuka hilo, lakini miguu ikaendelea yenyewe. Ngozi ilimsisimka kwa baridi, katikati ya jua lile. Barabara ikaanza kuinuka na kushuka. Kitu cha mwisho alichokiona vizuri ni kibanda cha mabati kilichopakwa rangi ya kijani, na mwanamke akitoka mbio, kanga ikimponyoka.

Alizinduka amelala kivulini, kichwa kwenye paja la mwanamke yule. Alikuwa mwuza chapati. Alikuwa akimchotea maji kwa kikombe kutoka kwenye ndoo na kummwagia utosini, shingoni, kifuani, bila kujali kwamba maji yenyewe ni ya kutafutwa kwa tochi.

"Tulia, mama," mwanamke alimwambia. "Yakuingie. Tulia tu yakuingie."

Kathini alianza kulia. Mwanamke alidhani ni joto, akaendelea kummwagia.

Shiro alipigiwa simu, akaja kumchukua kwa teksi. Njiani alimwambia, "Kesho ni ya kupumzika. Na Jumamosi pia pumzika. Umesikia?" Kathini alitazama dirishani.

Ijumaa Mulwa alitoka chumbani na mkoba wake wa safari. Lori lilikuwa bado gereji, kwa hiyo hakuwa na kazi. Kathini alikuwa amejilaza kwenye kochi, kitambaa chenye maji kwenye paji la uso. Mulwa alimtazama kitambo, akatoka, akarudi na chupa kubwa ya maji na machungwa, akaviweka karibu naye.

"Naenda Masinga," alisema. "Nitarudi Jumapili."

"Mulwa, kesho tunaenda bwawani. Kwenye maji ya wazi. Njoo nawe. Usiingie, simama tu pale juu."

Mulwa alikuwa ameshika kitasa cha mlango. "Unaniomba nisimame ukingoni," alisema, "nikutazame ukizama na kuibuka." Akatikisa kichwa. "Hilo usiniombe." Na akaondoka.

*

Bwawa lilikuwa la mkulima mmoja tajiri, pana, limezungukwa na matete yaliyokauka. Kiangazi kilikuwa kimelipunguza, ukingo wake ukawa matope yaliyopasuka. Maji yalikuwa ya rangi ya kahawia, hayaonyeshi kitu. Ondiek alifunga maboya mawili ya rangi ya machungwa, kisha akaingia kwenye mtumbwi mdogo wa plastiki ili awafuate. Wengine walipiga kelele na kutaniana walipoingia. Kathini aliingia wa mwisho. Matope yalimshika kifundo cha mguu, laini, yakamwachia.

Aliogelea na kichwa nje mpaka boya la kwanza. Shiro alikuwa kando yake. "Niko hapa," alikuwa akisema kila mara, "niko hapa." Kisha Kathini akavuta pumzi, akatia uso ndani.

Hakukuwa na giza. Hilo ndilo la kwanza lililomshangaza. Kwa miaka mitatu alikuwa ameota giza. Mwanga ulikuwa mle, wa rangi ya chai ya mkandaa, isiyo na maziwa, iliyoinuliwa kwenye dirisha, wenye chembechembe zinazoelea polepole. Aliona mkono wake mpaka kwenye kiwiko, mbele ya hapo akaona rangi tu. Juu maji yalikuwa vuguvugu, lakini miguu yake iligusa tabaka jingine lililokuwa baridi sana, kama sakafu ya kanisa. Hakukuwa na sauti. Kelele zote za wenzake, mbwa wa mkulima, ndege kwenye matete, vyote vilikatika. Alisikia moyo wake peke yake.

Hapa, aliwaza. Ni hapa.

Akaacha kupiga mikono. Hakuamua kuacha, mikono ilitulia yenyewe. Alianza kushuka, na baridi ikampanda mapajani, tumboni. Alipofungua kinywa maji yalimwingia, na hapo mwili ukakataa, ukarusha miguu na kushikashika pasipo na kitu cha kushika. Kifua kilimwaka moto. Aliibuka akikohoa, akazama tena, akahisi mkono umemshika kwapani. Alikuwa Shiro, naye akilia na kumtukana kwa pamoja. Mtumbwi ukafika. Kathini aliukumbatia ubavuni, akalia kwa sauti ambayo hakujua anayo, sauti ya kijijini, ya wanawake wa kwao wanapoipokea maiti langoni. Watu wote waliokuwa majini walisimama.

Baadaye Ondiek alikaa naye chini kwenye nyasi kavu. Shiro alikuwa amemweleza.

"Ungeniambia mwenyewe, Mama," alisema. Hakuwa na sauti ya mhubiri sasa.

"Ungenikataza."

"Ningekukataza, ndiyo." Aling'oa jani la nyasi, akalikata vipande. "Pwani sitakupeleka. Miguu yako inatosha, pumzi inatosha. Lakini bahari siyo bwawa. Nikikupoteza kule nitamwambia nini mumeo?"

Kathini aliitikia kwa kichwa. Alitazama miguu yake iliyoganda matope na akafikiria asubuhi zote zile, jasho lote lile, kwamba yameishia hapo, kwenye nyasi za mtu. Hakuwa na nguvu za kubisha. Hakuwa hata na hakika kwamba alitaka kubisha.

*

Mulwa alirudi Jumapili alasiri na mfuko wa ndengu kutoka nyumbani. Alimkuta Kathini ameketi kibarazani, kwenye ukanda mwembamba wa kivuli. Alivuta stuli, akakaa mkabala naye, mfuko bado mapajani.

"Ulikwenda?"

"Nilikwenda."

Chini, watoto walikuwa wakicheza mpira kwa chupa ya plastiki. Mulwa aliwatazama muda mrefu. Alipouliza, aliuliza akiwa bado anawatazama.

"Maji yalikuwaje?"

Kathini alidhani hakusikia vizuri. "Nini?"

"Yalikuwaje. Ndani."

Akamweleza. Alimweleza kuhusu joto la juu na baridi ya chini. Alimweleza kuhusu ule mwanga. "Si giza, Mulwa. Nilidhani ni giza, lakini si giza. Na kuna kimya. Nadhani hakuyasikia mayowe."

"Inauma?"

Hapo Kathini angeweza kumhurumia, lakini alikuwa amekwisha kuachana na uongo. "Kifua kinauma maji yanapoingia. Kinawaka. Baadaye sijui. Mimi nilitolewa."

Mulwa aliitikia polepole, mara nyingi, kama mzee anayesikiliza hukumu. Kisha akasema, "Mimi huenda pale."

"Wapi?"

"Kwarini. Nikimaliza mikate ya Njiru nasimamisha lori pale juu. Sishuki. Nazima injini, nakaa tu. Nimekuwa nikienda tangu tulipomzika." Aliinua macho. "Uliposema sijawahi kwenda, nilikosa la kukujibu."

Kathini alimshika mkono. Ulikuwa mkavu na mzito, na haukuondolewa.

"Yameisha," Mulwa alisema.

"Nini kimeisha?"

"Maji ya pale. Wajenzi wa magorofa walileta pampu wakavuta, na jua likamalizia. Nimepita leo nikitoka stendi. Pamekauka kabisa. Twende ukaone."

Walikwenda kwa miguu, jua likiwa mgongoni. Kwenye ile njia ya vumbi Kathini alisimama, Mulwa akamngoja, wakaingia. Machimbo yalikuwa bakuli la mawe ya kijivu. Chini kulikuwa na tope lililopasuka vipande kama vigae, mitungi iliyovunjika, kiatu kimoja cha mtu mzima, mifuko, tairi. Kwenye kuta za mawe palikuwa na mstari mweupe, alama ya mahali maji yalipokuwa yakifika miaka yote.

Mulwa alivua viatu akashuka kwanza, akishikilia mawe. Alikwenda moja kwa moja karibu na ukingo, chini ya mahali wasichana walipokuwa wakichotea. Hakuhitaji kuonyeshwa. Alisimama wima, mgongo kwenye jiwe, mikono ubavuni, kama mtoto anayepimwa urefu na muuguzi. Kathini, kutoka juu, aliuona mstari mweupe ukipita kandokando ya kichwa chake. Ulimfika kidevuni.

"Kathini," aliita. Sauti ilirudi kutoka kwenye mawe. "Umeona?"

"Nimeona."

"Ningesimama tu. Singehitaji kujua kuogelea. Ningesimama hivi, nimwinue."

Akainua mikono yote miwili juu ya kichwa, viganja wazi, akaiacha pale. Kathini alishuka haraka, mawe yakimchubua, akamfikia akiwa amepiga magoti kwenye tope kavu, akilia, akiita, "Mama. Mama. Mama wangu." Alimkumbatia kutoka nyuma, shavu lake mgongoni mwa shati lililolowa, akakaa naye hivyo mpaka kivuli cha ukuta kikawafunika wote wawili.

Mashindano ya pwani yalifanyika bila yeye. Shiro alimaliza, akamtumia picha. Mvua za masika zilichelewa, kisha zikaja zote kwa pamoja, na kwari ikajaa tena. Watu wa kanisa wakachanga wakaweka uzio wa waya upande ule, ambao ndani ya wiki chache ulikwisha kukatwa. Sanduku lilitolewa mvunguni. Picha moja walitundika ukutani, na kuna siku Mulwa huweza kuitazama na kuna siku hupita akiwa ameinamisha kichwa.

Mwezi wa tano Kathini alirudi kidimbwini. Siku ya kwanza Mulwa alimpeleka mwenyewe mpaka langoni, akambebea mkoba. Hakuingia ndani. Alikaa nje kwenye benchi ya mlinzi, mgongo kwenye ukuta, mahali ambapo mtu husikia maji yakipigwa lakini hayaoni, akamngoja mpaka akatoka.